Nazi Kumi na Mbili Kwenda Ujiji

Mdogo wangu ameolewa Ujiji. Novemba, alipojifungua mtoto wa pili, nilimpigia simu kumuuliza nimpelekee nini. Nilidhani atataja vitenge au nguo za mtoto. Akaniambia, "Dada, niletee nazi. Huku kila mboga ni mawese. Nimeyazoea na nayapenda, ila sasa kinywa kinataka tui."

Nilikwenda kwa shangazi yetu Kisarawe. Mkwezi akaangua, tukachagua kumi na mbili zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa sikioni maji yanacheza ndani. Tukazifua, nikazifunga kwenye kiroba, nikaenda stesheni kukata tiketi ya daraja la pili kulala mpaka Kigoma. Ningeweza kupanda basi, nalo lingenifikisha mapema zaidi. Lakini basi husimama kwenye hoteli za barabarani, na abiria wote hula chipsi zilezile kutoka Dar es Salaam mpaka mwisho wa lami. Treni ya reli nyembamba husimama vijijini, na kila kijiji huja dirishani na sufuria yake.

Sisi watu wa pwani tuna neno moja kwa nchi yote iliyo nyuma yetu: bara. Fulani katoka bara, fulani kahamia bara. Bara ipi? Nchi yetu ina kilomita za mraba 945,000 hivi na lugha zaidi ya 120, nasi tunaifunga yote katika neno la silabi mbili. Wazee waliotembea kwa miguu hawakusema hivyo. Waliofuata misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji walizihesabu nchi moja moja kadiri walivyozipita: Uzaramo, Ukami, Usagara, Ugogo, Ukimbu, Unyamwezi, Uvinza, Uha. Kila jina lina U mbele. Ni U ileile iliyotupa Uingereza, Ufaransa na Ureno. Ni U ileile pia ya utu, ya uzee, ya ukavu na ya ukarimu. Katika Kiswahili, nchi na hali huvaa herufi moja. Nilipokuwa mwanafunzi niliona hiyo ni sarufi tu. Safari hii imenifanya niamini kwamba ni maarifa ya wasafiri, kwamba aliyesema Ugogo hakutaja kabila peke yake, alitaja namna watu wanavyoishi na mvua waliyojaliwa.

Shuleni nilikariri mikoa. Leo iko 31, na mingi ina majina ya miji, mito, maziwa au mlima. Ilifanywa hivyo kwa kusudi jema. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, na taifa changa halikutaka ramani inayowakumbusha watu nani alikuwa mtawala wa nani. Sina ugomvi na uamuzi huo, na ninaamini umetuepusha na mengi. Hata hivyo mikoa haikupita juu ya mipaka ya zamani. Usagara umekatwa, nusu Kilosa katika Morogoro na nusu Mpwapwa katika Dodoma. Ugogo unaanzia Dodoma na kumalizikia Manyoni, ndani ya Singida. Ndiyo maana, nilipokuwa nimekaa kitandani kwangu ndani ya behewa na kiroba cha nazi miguuni, niliamua kwamba safari hii sitauliza tuko mkoa gani. Nitauliza mboga huku inaungwa kwa nini.

Tulitoka Dar es Salaam jioni. Uzaramo wote ulipita gizani, milima ya Pugu, Soga, Ruvu, na harufu ya udongo uliolowa, kwa kuwa vuli ilikuwa imeshaanza pwani. Ngerengere nilikuwa nimelala. Morogoro nilisikia sauti za wauza ndizi bila kuwaona.

Kulipopambazuka tulikuwa Kilosa. Milima ilikuwa imesimama pande zote, ukungu umekalia mabonde, na nyuma ya nyumba chache niliona minazi, mirefu na myembamba kama wageni waliosahau kurudi kwao. Niliihesabu, sita. Baada ya hapo sikuona mnazi mwingine safari nzima. Kwangu huo ndio mpaka wa pwani, haidhuru vitabu vinauweka wapi.

Hii ni Usagara, na jina hili lina uzito katika historia yetu. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero, ambaye Novemba 1884 aliwekewa mbele yake karatasi ya mkataba ya Mjerumani Carl Peters. Msovero iko huku Kilosa. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuzichukua chini ya ulinzi wake nchi nne zilizotajwa kwenye mikataba hiyo, Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Wageni wale walijua umuhimu wa herufi U. Walichukua majina yaliyokuwa yakitumiwa na watu wa njia, wakayageuza hati ya kumiliki ardhi. Sisi tulipoipata nchi tena, majina hatukuyadai. Karibu na Kilosa kuna stesheni ndogo iitwayo Munisagara, na kibao chake ni miongoni mwa mahali pachache ambapo jina hilo bado limeandikwa kwa rangi mbele ya umma.

Reli hupanda hapa ikifuata mto Mkondoa, na mto huu si rafiki wa reli. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ziliukata mstari kati ya Kilosa na Gulwe, watu wakapoteza nyumba, na treni zikasimama kwa miezi. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma katikati ya 2024, imepita milima hii kwa mahandaki, na kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma sasa ni saa tatu na nusu mpaka nne. Nimeipanda, ni nzuri, na ninaifurahia kama Mtanzania. Ila ndani ya handaki hakuna Usagara.

Kutoka Kidete kwenda Gulwe nilikaa dirishani bila kuondoka, kwa sababu ndiyo sehemu ambapo nchi hubadilika mbele ya macho. Asubuhi ile kule Kilosa kila kitu kilikuwa kibichi. Saa chache baadaye mchanga ulikuwa mwekundu, mito ilikuwa njia kavu za ng'ombe, miiba ilikuwa haina jani, na mibuyu ilikuwa imeanza. Milima ya Usagara huizuia mvua inayotoka baharini, na upande wa pili wa milima watu huishi na kinachobaki. Dodoma hupata milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu nusu ya zile za Dar es Salaam. Tena kwetu tuna vuli na masika, mkulima akikosa ya kwanza huomba ya pili. Ugogo kuna msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Ukikosa umekosa mpaka mwakani.

Gulwe alipanda bibi mmoja wa Kigogo na mjukuu wake, wakienda Itigi. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba, kisha akanifundisha nimwamkie vizuri, "Mbukwenyi." Nikasema mbukwenyi. Akaridhika, akafungua kitambaa akanigawia viazi vya kuchemsha. Nikamuuliza swali langu. Nyumbani kwake mboga inaungwa kwa nini?

"Mlenda hauungwi," akasema. "Karanga ukizipata unaweka. Ukizikosa, unakula mlenda, na ng'ombe akiwa na maziwa una maziwa. Wewe wa pwani huwezi kula bila kitu cha mafuta."

Nilimwomba anieleze zaidi, naye alieleza kwa utulivu wa mtu anayejua anachosema. Mlenda huchumwa mwituni mvua zikinyesha, ukaanikwa, ukatwangwa, ukakaa mwaka mzima. Ugali ni wa uwele au mtama. Mahindi hulimwa, siku hizi zaidi kuliko zamani, lakini mahindi yakikosa mvua wiki tatu wakati wa kutoa mbelewele yameisha, ilhali uwele unasubiri. Alilitumia neno hilo mara nyingi, kusubiri. Uwele unasubiri, ng'ombe wanasubiri, na watu wanasubiri. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana nyumba zao zilikuwa tembe, paa tambarare la miti na udongo. Nilifikiri juu ya paa hilo muda mrefu. Paa la udongo lililo tambarare haliwezi kujengwa Kisarawe, lingeporomoka masika ya kwanza. Ugogo liliwezekana, likawapa watu ubaridi mchana na zizi salama katikati usiku.

Kuna neno lililosikika sana Ugogo, nasi tumelichafua: hongo. Zama za misafara, hongo ilikuwa ushuru wa njia. Misafara ya mamia ya watu ilifika Ugogo na kunywa visima ambavyo wenyeji waliviweka kwa ajili ya mifugo yao, katika nchi ambayo haina mto unaotiririka mwaka mzima. Watawala wa Kigogo walidai nguo, shanga na waya kabla ya mtu kuteka maji. Wafanyabiashara walilalamika, wasafiri wa Kizungu waliandika malalamiko yao kwenye vitabu, na leo hongo ni jina la rushwa. Mimi ninaona madai yale yalikuwa ya haki. Aliye na kisima kimoja na mgeni mwenye wapagazi 500 ana haki ya kutaja bei.

Kaskazini ya reli, baada ya Gulwe, iko Kongwa. Hapo Waingereza walileta mradi wao wa karanga 1947, pamoja na Urambo na Nachingwea. Mwaka uliotangulia watu watatu walikuwa wamezunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakaona ardhi kubwa isiyo na watu wengi, wakaandika kwamba itatoa mafuta ya kula ya kuwatosha Waingereza waliotoka vitani. Matrekta yakaja kung'oa vichaka. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, ukavunja majembe ya mashine. Mvua ikakataa kufuata hesabu. Mradi ulifutwa 1951, pauni milioni 36 hivi zimepotea. Ninaisimulia habari hii kwa sababu jibu lilikuwa wazi kwa mtu yeyote ambaye angemuuliza bibi wa bibi huyu aliyekaa mbele yangu. Angemwambia karanga ukizipata unaweka, ukizikosa unakula mlenda.

Dodoma tulisimama muda mrefu. Ni mji mkuu uliotangazwa 1973 na kuhamiwa kweli baada ya 2016, na ukiutazama kutoka stesheni ya zamani unaona majengo mapya yakiwa yamezunguka kilima cha Simba. Sikushuka.

Baada ya Bahi, ambako bonde huwa mashamba ya mpunga mvua zikija, reli hufika chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Stesheni ya hapo ni Saranda, na kila msafiri wa Reli ya Kati anaijua kwa kuku wa kienyeji. Treni ilipopunguza mwendo wanawake walikuwa wameshapanga masinia, kuku wa kuchemshwa na kukaangwa, ugali umefungwa pembeni, pilipili kwenye mfuko. Behewa zima lilishuka. Abiria ambao tangu Dar es Salaam hawakusemezana walikuwa sasa wanashauriana kuhusu paja na kidari. Katika msukumano huo kiroba changu kilidondoka kutoka kitandani, nazi moja ikapasuka. Bibi alinywa maji yake, mara ya kwanza maishani mwake kunywa maji ya nazi, akakunja uso, akasema ni maziwa ya mti. Mjukuu alikula nyama yote mpaka Manyoni.

Treni ilipanda ukingo polepole, bonde likabaki chini yetu rangi ya majivu, na juu palikuwa dunia nyingine tena. Hapa wapagazi walipaita Mgunda Mkali. Zilikuwa siku nyingi za vichaka bila chakula na maji ya uhakika, mpaka Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi. Vichaka vya Itigi vimesukana kiasi kwamba ng'ombe hawezi kupita. Aina hii ya uoto haipatikani mahali pengi duniani, iko hapa na sehemu chache za upande wa Zambia. Kusini yake ni Ukimbu, nchi ya Wakimbu, ambako Nyungu ya Mawe alijijengea dola kwa vita mpaka alipofariki 1884. Bibi alishuka Itigi jua likizama. Alinipa mkono akasema nikirudi nipite nile mlenda. Nami nimeahidi.

Usiku huo ilinyesha. Niliamka kwa kishindo cha matone juu ya behewa, nikafungua dirisha kidogo, nikasikia harufu ya majani. Tulikuwa tumeingia Unyamwezi, na miombo ilikuwa inatoa majani mapya, mekundu kama shaba, kama ifanyavyo kabla na mwanzoni mwa mvua.

Tabora ni mahali ambapo treni hupumzika. Mabehewa ya Mwanza hukatwa, ya Kigoma huungwa upya, na abiria huwa na saa kadhaa za kutembea kwenye jukwaa. Asubuhi hiyo palikuwa na maembe. Yalikuwa kwenye ndoo, kwenye makapu, kwenye kanga zilizotandikwa chini, na bei yake ilikuwa ndogo mpaka niliona haya kupunguziwa. Miembe ya Tabora ilipandwa zama za misafara, na mji bado unaishi kivulini mwake. Palikuwa pia na asali katika chupa za maji, nyeusi na nzito, iliyotoka kwenye mizinga inayotundikwa juu ya miti porini. Na palikuwa na karanga, mbichi na za kukaanga. Mama mmoja aliyekuwa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, alinijibu swali langu bila kufikiri: mboga inaungwa kwa karanga, mwanangu, kuna nini kingine?

Hapo ndipo alipoketi karibu yangu mzee mmoja wa Kinyamwezi, akisubiri treni ileile. Aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kisarawe. Akauliza kabila. Nikasema Mzaramo. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Mzaramo! Babu zangu waliwaletea pembe za ndovu mpaka mlangoni, mkawalaza nje na mbu. Nipe nazi moja ya fidia."

Sisi ni watani. Nilikuwa nimelisikia neno hilo misibani tangu utotoni, Mnyamwezi anafika matangani, anachukua sufuria, anamkejeli marehemu, na hakuna anayekasirika. Lakini sikuwahi kufikiri utani huo ulitoka wapi. Mzee alinieleza. Wanyamwezi ndio walioifungua njia. Walianza kushuka pwani na pembe zao miaka ya mwanzo ya karne ya 19, kabla watu wa pwani hawajapata ujasiri wa kupanda, na hata jina lao walipewa na sisi kwa kuwa walitoka upande ambao mwezi mwandamo huonekana. Msafiri anayepita nchi za watu miezi mitatu, mzigo begani, anahitaji mahali pa kuuguzwa na watu wa kumzika akifa. Kwa hiyo walifanya utani na kila nchi ya njiani. Wazaramo, Wasagara, Wagogo, wote ni watani wa Wanyamwezi. "Ukitaka kuijua barabara ya zamani," akasema, "usitazame reli. Tazama nani anamtania nani."

Sijapata kusikia maelezo ya nchi hii yaliyonishika kuliko hayo. Reli walianza kuijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kilomita 1,250 hivi, na waliijenga karibu kwenye nyayo za wapagazi. Kiswahili nacho kilipita humo humo. Kilibebwa begani na watu ambao hawakuwa Waswahili, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikaingia Congo. Tunapenda kusema lugha yetu ilienezwa na watu wa pwani. Nusu ya sifa hiyo ni ya Wanyamwezi, na pwani tunapaswa kuikiri.

Nilimpa nazi. Alikataa, akasema ilikuwa utani, nikamlazimisha. Akaninunulia asali chupa nzima.

Kutoka Tabora nchi ni msitu kwa saa nyingi. Urambo una jina la mtawala Mirambo, aliyefariki 1884, na leo unajulikana kwa tumbaku. Mabani ya kukaushia yanaonekana kutoka treni, na kando yake marundo ya kuni za miombo. Ukiyaona marundo yale utaelewa kwa nini mama mmoja muuza asali kule Tabora aliniambia mizinga yake sasa iko mbali kuliko ya mama yake. Zamani ng'ombe walikuwa wachache katika misitu hii kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo hapakuwa na samli wala maziwa ya kutegemea, na karanga zikachukua nafasi yake. Kila kitu cha jikoni kina sababu yake porini.

Nguruka walikuja na samaki wakavu, na muda si mrefu tukawa kwenye tambarare za Malagarasi, maji na mafunjo mpaka macho yanapoishia, ndege weupe wakiruka mbele ya injini. Baada ya ukavu wa Ugogo sikuamini kwamba ni treni ileile. Kisha Uvinza, ambako chemchemi za maji ya chumvi zimewapa watu chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Zamani walikuja kutoka kila upande, ng'ambo ya ziwa pia, kuchemsha maji na kuondoka na chumvi yao. Nilinunua mfuko mmoja. Sikuwa na haja nao, nilitaka tu kitu cha Uvinza mkononi.

Michikichi, miti ya mawese, niliiona kwanza jioni, baada ya Kazuramimba, mmoja mmoja bondeni, kisha makundi. Nilisimama. Kwa mbali inafanana na minazi, na kwa dakika moja moyo ulidhani umefika nyumbani kutoka upande wa pili. Treni ilikuwa inashuka sasa, kutoka mita 1,200 za uwanda wa Tabora mpaka 770 na ushee za ziwa, na ziwa lilionekana mara moja, la bluu iliyokolea, milima ya Congo imesimama ng'ambo. Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ni Baikal peke yake linalolizidi duniani.

Mdogo wangu anakaa Ujiji, kilomita chache kusini ya Kigoma, katika mtaa ambao Mha, Mjiji na Mmanyema wamechanganyika kiasi kwamba kila mtu ana shangazi wa kabila jingine. Mama mkwe wake alinipokea kwa ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka katika mawese mekundu. Nilikula mpaka nikaomba radhi. Usiku tulikwenda ufukweni. Mwezi ulikuwa haujatoka, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa kazini, na taa zao zilikuwa nyingi majini kama mji mwingine uliojengwa juu ya ziwa.

Kesho yake nilitoa nazi kumi zilizobaki, ndipo nilipotambua nimesahau mbuzi ya kukunia. Mama mkwe akasema subirini. Akaingia chumbani kwake, akarudi na mbuzi, mti wake mweusi kwa umri, kikalio kimelainika kwa kukaliwa, meno ya chuma yamelika. Ilikuwa ya nyanya yake. Hajui aliipata wapi. Anachojua ni kwamba nyanya yake aliijua nazi na aliitafuta kila msafara ulipofika. Ujiji palikuwa na watu wa pwani tangu kabla Stanley hajamkuta Livingstone hapa 1871, na watu hao walibeba majiko yao. Mdogo wangu alikaa juu ya mbuzi ile akakuna, akakamua tui, tukapika migebuka kwa tui na kijiko cha mawese juu yake. Mama mkwe alionja, akasema ipikwe tena Ijumaa.

Ninawaomba walimu wa jiografia mwendelee kuwafundisha watoto mikoa 31, na pia muwatume nyumbani wakaulize bibi zao majina ya nchi walikotoka na mboga ilivyokuwa ikiungwa huko. Waandike majibu. Bibi yule wa Gulwe anakaribia miaka 80.